Mlango wa Nyuki, Mlango wa Kengele

1

Ukungu ukishuka kwenye mabonde ya Rungwe, nyumba ya Lugano Mwakatobe ilikuwa haionekani, inasikika tu. Kwanza ungesikia nyuki. Ukisogea, ungesikia mwanamume akiimba chini chini bila maneno, sauti yake imechanganyika na ya nyuki hata usijue mdudu anaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Subilaga, mkewe, alikuwa amezoea kumtafuta hivyo, kwa masikio.

Asubuhi hiyo alikuwa barazani anamenya ndizi aliposikia kibanda cha waya, kile kinachovusha watu juu ya bonde, kikisimama ukingoni. Mlango wa kibanda ulifunguka, na viatu vya mtu vikaja polepole kwenye njia ya mawe. Kabla hajamwona, alijua ni Bupe. Ni Bupe peke yake aliyekuwa akifika kwenye nyumba ile kama mtu anayeingia wodini.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umevuka bonde na baridi yote hii?"

"Nimevuka." Bupe akakaa, mkoba mapajani. "Baba yupo?"

"Yupo kwenye mizinga. Humsikii?"

Bupe alisikiliza, uso wake usibadilike. "Baba yangu alikuwa haimbi," alisema. "Alikuwa anapiga mluzi. Na nyuki alikuwa anawaogopa kufa."

Maneno hayo hayakuwa mageni kwa Subilaga. Bupe alikuwa mtoto wa darasa la tatu mwaka ule mvua za masika zilipoporomosha kilima kizima juu ya nyumba ya mwalimu Lugano. Mama yake, Tumpale, alifia humo. Bupe aliponea kwa kuwa siku hiyo alikuwa kwa shangazi yake Mbeya. Mwalimu alitolewa kwenye tope akiwa hai, lakini kichwa kimepondeka, na alilala bila fahamu mpaka walipompandikiza mbegu nyuma ya sikio. Watu waliiita mbegu kwa sababu ilikuwa na ukubwa wa punje ya maharage, na kwa sababu ilitoa mizizi, nyuzi nyembamba kuliko unywele zilizopenya ubongoni zikaunga yaliyokatika. Lakini mbegu nayo ni kompyuta tu, na kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni kokoto. Mfumo uliokuwepo wakati ule uliitwa Umande. Fundi aliyeuweka Umande ndani ya mbegu ya Lugano alikuwa msichana mmoja wa kliniki. Jina lake Subilaga.

Umande ulimrudishia mwendo, usemi na mikono. Kumbukumbu za zamani haukuzifikia. Ulizizunguka kama maji yanavyouzunguka mwamba mtoni. Lugano alifumbua macho akiwa mtu mzima asiye na jana. Uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa Subilaga. Wa pili ulikuwa wa mtoto wa kike aliyeshika kona ya shuka, na Lugano akamuuliza fundi, kwa upole kabisa, "Mtoto huyu ni wa nani?"

Bupe alilelewa na shangazi. Subilaga, baada ya miaka kupita, aliolewa na mtu aliyemwamsha mwenyewe.

"Kuna mfumo mpya," Bupe alisema sasa.

"Nimesikia. Alfajiri."

"Unafika kule Umande usikofika. Mzee mmoja jirani yetu kule Mbeya amewekewa. Amekumbuka mpaka majina ya mbuzi aliowachunga utotoni."

"Na amesahau nini?"

Bupe aligeuzageuza mkoba mapajani.

"Wajukuu waliozaliwa baada ya ajali yake, anawajua?" Subilaga aliweka kisu chini. "Kliniki hawaongezi, mwanangu, wanafuta. Wakiweka Alfajiri, Umande unaondoka na kila kitu baba yako alichojifunza tangu siku ile. Vyote vimeandikwa kwa mwandiko wa Umande, na Alfajiri hausomi mwandiko huo. Ataamka hajui nyumba hii ni ya nani. Hatanijua."

"Kama alivyoamka hanijui mimi."

Ukungu ulipita barazani ukaacha matone madogo kwenye nywele zao. Bupe alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama mdogo, sikuja kukunyang'anya mume. Ila hakuna mtu hata mmoja duniani anayemkumbuka mama yangu pamoja nami. Shangazi alimwona mara mbili tu. Majirani waliomjua walifukiwa naye. Nikisema mama alikuwa akicheka anashika ukuta, hakuna wa kuniambia naam, alikuwa anashika ukuta. Siku nyingine nahisi nimemtunga."

Ndipo walipogundua kwamba kule kwenye mizinga kuimba kumekoma. Lugano alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, wavu wa kujikinga umeinuliwa juu ya kofia, kifukizo bado kinatoa moshi mkononi. Alikuwa mtu wa taratibu. Alikuja akakaa kwenye ngazi, akagusa nyuma ya sikio lake.

"Kwa hiyo humu kuna mtu," alisema.

"Kuna kumbukumbu, baba," Bupe alijibu.

"Mwenye kumbukumbu za mtu, na mke wa mtu, na mtoto wa mtu. Huyo ni mtu." Aligeuka kwa Subilaga. "Amelala tangu kilima kilipoanguka?"

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyemlalia juu."

"Usiseme hivyo, Lugano."

"Sisemi kwa ubaya. Nauliza tu." Alikizima kifukizo kwa kukibana kwa majani mabichi. "Subi, wewe ni fundi. Hatuwezi kukaa wote wawili?"

2

Walifanya kazi hiyo nyumbani, chumba cha mbele, mchana, mvua ikinyesha. Kliniki wasingekubali. Kule utaratibu ulikuwa mmoja: futa, weka, mgonjwa aende. Kuweka mifumo miwili ndani ya mbegu moja hakukuwa kumekatazwa, ila hakuna aliyewahi kuomba. Subilaga alipokuwa mwanafunzi alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kwenye kompyuta za mezani, na alijua kwamba mbegu haitofautiani sana na kompyuta ya mezani, isipokuwa kompyuta ya mezani ukiiharibu huililii.

Lugano alilala kitandani ubavu, sikio juu. Kabla dawa ya usingizi haijamchukua, alimshika mkewe kidole.

"Ukinipoteza..."

"Sitakupoteza."

"Ukinipoteza, mizinga ya chini ina malkia wapya. Isifunguliwe kwanza." Akafumba macho.

Jambo la kwanza lilikuwa kuchukua nakala ya kila kitu. Waya laini ulitoka nyuma ya sikio la Lugano hadi kwenye kompyuta mezani, na kwenye skrini mstari wa kijani ukaanza kutambaa, polepole, kama konokono juu ya kioo. Bupe aliutazama muda mrefu.

"Huo ndio yeye?"

"Hiyo ni miaka yake," Subilaga alisema. "Tukikosea, tutarudi hapa."

Nakala ilipokamilika, kazi ngumu ikaanza. Mbegu yote ilikuwa imejaa Umande toka ukuta hadi ukuta. Ilibidi ausogeze upande mmoja, aupunguzie nafasi bila kuukata, kisha ajenge kizuizi katikati ili ule upande uliobaki wazi uwe makazi ya Alfajiri. Alifanya hivyo huku anamtazama Lugano usoni zaidi kuliko alivyotazama skrini. Umande ulivyokuwa ukisogea, vidole vya Lugano vilikuwa vikitikisika juu ya shuka, na midomo yake ikatoa mlio mdogo, nusu ya wimbo. Kisha akatulia.

"Watakuwa wanasikiana?" Bupe aliuliza. "Kama watu wa vyumba viwili?"

"Hapana. Mmoja akiwa macho, mwingine hayupo. Si kwamba amejificha. Hayupo."

Alfajiri ulipoingia, ulifanya kama Subilaga alivyotarajia. Mifumo mipya ina kiburi. Ukiikaribisha chumba kimoja, inashika mlango wa mbele na kutangaza kwamba nyumba nzima ni yake. Kwa kitambo kidogo skrini haikuonyesha Umande popote. Subilaga alirudi mlangoni kwa njia ya nyuma, amri moja baada ya nyingine, mpaka jina la Umande likajitokeza tena chini ya lile la Alfajiri. Alipumua. Bupe alimletea maji, akayanywa yote bila kuuliza.

Sasa kilichobaki kilikuwa mlinzi. Kompyuta yenye mifumo miwili huhitaji mlinzi mlangoni, programu ndogo inayoamka kabla ya yote na kuuliza: leo nani? Kwenye kompyuta ya mezani mlinzi huandika majina mawili, mtu akachagua. Lakini mtu aliye usingizini hasomi maandishi, anaota. Kwa hiyo Subilaga ilimpasa alifanye swali lenyewe kuwa ndoto.

Alichora mahali. Uwanda wa nyasi wenye ukungu, miguu ikilowa umande, mwanga wa saa ambayo jua halijaamua. Mbele, njia mbili. Kwenye njia moja aliweka sauti ya nyuki, kwa kuwa Lugano mwenyewe ndivyo alivyokuwa ameomba. Kwa ile ya pili alimgeukia Bupe.

"Baba yako angeifuata sauti gani?"

Bupe hakufikiri. "Kengele ya shule. Ilikuwa kipande cha reli kimetundikwa. Alikuwa anakigonga mwenyewe, hamwachii mtu. Mama alikuwa anasema hata usingizini mkono wake unagonga."

Subilaga akaiweka kengele. Chuma juu ya chuma, mbali, ndani ya ukungu.

Lilibaki swali la mwisho, nalo mlinzi hulidai kila mara. Skrini iliandika: *Asipochagua, fungua mlango upi?*

"Hilo ni lazima?" Bupe aliuliza.

"Lazima. Bila hivyo akisita asubuhi moja, ataendelea kusimama pale. Hataamka."

Bupe alikwenda dirishani akampa mgongo. "Weka unavyoona," alisema.

Subilaga aliweka vidole kwenye vitufe. Angeandika Umande, nani angemlaumu? Kesho Lugano angeamka, angeuliza mizinga, angemwita Subi. Alfajiri ungebaki pale umewekwa vizuri, bila kosa lolote la kiufundi, na usingefunguliwa milele. Nani aliye kwenye usingizi angeiacha sauti ya nyuki anaowajua akafuata kengele asiyoijua? Ingekuwa sawa na kumzika mtu na kumwachia dirisha kaburini.

Alimtazama mumewe. Yule wa nyuki ana mtu wa kumwita, aliwaza, nitamwita mimi. Huyu mwingine hajui hata kwamba kuna mlango.

Akaandika: Alfajiri. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye mvua ya ukingo wa baraza mpaka nguo zilipolowa.

3

Asubuhi alifumbua macho ghafla, kama mwanafunzi aliyetajwa jina darasani. Subilaga alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda. Alitazamwa na macho ya mumewe, na ndani yake hapakuwa na mtu anayemjua.

"Samahani, dada. Hii ni hospitali gani?"

Mdomo ule ule, ila maneno yalikimbia.

"Si hospitali, mwalimu. Uko nyumbani kwa watu. Uko salama."

"Kilima." Alijaribu kuinuka. "Kilima kimeanguka, dada. Mke wangu alikuwa jikoni. Nani amekwenda kumtoa? Mmechimba upande wa jikoni?"

Subilaga alikuwa ameyapanga mambo yote. Alikuwa amechukua nakala, amejenga ukuta, amemweka mlinzi. Hili hakuliwaza. Kwa mtu huyu tope lilikuwa bado bichi. Aliamka kutoka kwenye dakika ile ile aliyolalia.

Mlango ulisukumwa. Bupe aliingia, akasimama. Mwalimu alimtazama, na uso wake wote ukafunguka.

"Tumpale! Mungu wangu. Tumpale." Kisha akanyamaza, kwa sababu alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu haikukubali. Aliangalia mikono yake mwenyewe, ngozi yake, madoa ya kuumwa na nyuki. Alishika kidevu akakuta ndevu, na alipozivuta mbele ya macho akaona ni nyeupe. "Wewe si Tumpale."

"Mimi ni Bupe, baba."

"Bupe ni mdogo. Bupe yuko kwa shangazi yake."

"Nilikuwa kwa shangazi. Nikakulia huko."

Midomo yake ilianza kuhesabu. Nje ukungu ulikuwa umeshikamana na dirisha kiasi kwamba chumba kilionekana kama kinaelea. "Na mama yako?" aliuliza hatimaye. "Mama yako yuko wapi, Bupe?"

Bupe alikuwa ameingoja saa hiyo tangu utoto wake. Alikuwa amejiandaa kukumbatiwa, amejiandaa kuitwa jina. Swali hilo hakuwa amejiandaa nalo. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama hakutoka, baba."

Subilaga aliondoka. Alikaa barazani, na kwa ukuta wa mbao akasikia sauti ya mume wake ikimlilia mwanamke mwingine, na sauti ya mwanamke mzima ikilia kama mtoto wa darasa la tatu. Hakuziba masikio. Aliona hana haki ya kusikia, na hana haki ya kukataa kusikia.

Ilichukua muda mrefu. Kisha, katikati ya kwikwi, akamsikia Bupe: "Alikuwa akicheka anashika ukuta."

"Ukuta?" mwalimu alisema, sauti imekatika. "Angekuwa anashika ukuta tungepona! Alikuwa anashika chochote. Siku ya mahafali alinishika tai, akacheka, akavuta, nikaona nyota. Mkuu wa shule ananitazama."

"Tai ya kijani?"

"Ya kijani! Umeijuaje?"

"Nilikuwepo, baba. Nilikuwepo, nilidhani nimeota."

Wakacheka wote wawili huku wanalia. Subilaga aliweka kiganja mdomoni, naye akalia, asijue analia upande wa nani.

4

Msiba uliwekwa, ingawa marehemu alikuwa amezikwa zamani. Mwalimu alisema yeye hajamzika mke wake. Shangazi alikuja kutoka Mbeya. Walipanda hadi kilima kile, ambacho sasa kilikuwa shamba la chai, na mwalimu alipiga magoti kwenye kaburi lenye majani mafupi akakaa hapo mpaka ukungu ukawafunika wote, wakabaki sauti tu. Subilaga alipika. Alibeba maji, alitandika mikeka, aliwapokea wageni waliokuja kumpa pole mume wake kwa kufiwa na mke. Walipomfikia yeye walimshika mkono tu.

Mwalimu alimwita dada. Alikuwa na adabu nyingi, akaomba alale chumba cha wageni. Mizinga aliizunguka mbali, mgongo umegusa ukuta, na Ambakisye, jirani yao, ndiye aliyekuja kuwatazama nyuki. Kila asubuhi mlango wa chumba cha wageni ulipofunguka, Subilaga alisimama jikoni akisikiliza mwendo. Ulikuwa wa haraka kila siku. Kengele ilikuwa imeshinda tena.

Wageni walipoondoka, mwalimu alimfuata jikoni akakaa kwenye kigoda, magoti yamepanda juu.

"Dada Subilaga, Bupe amenieleza habari yote. Naomba nikuulize jambo."

"Uliza, mwalimu."

"Kabla ya kuamka nasimama mahali penye nyasi. Nasikia kengele, najua ni yangu, nakwenda. Lakini huku pembeni nasikia nyuki. Wanavuma kwa upole kabisa. Yule bwana ndiye anayesimama kule?"

"Hasimami. Amelala."

"Anajua kama amelala?"

"Hajui."

"Kama mimi nilivyokuwa sijui. Miaka yote ile." Alikwangua kidole cha gumba, pale nyuki walipowahi kumuuma mtu mwingine. "Bupe ameniambia ulipoulizwa mlango gani ufunguke, uliandika wa kwangu. Kwa nini? Ungeweza kuninyamazia."

"Ningeweza." Subilaga aliendelea kupuliza moto uliokuwa hauna haja ya kupulizwa. "Niliona wewe ndiye usiye na mtu wa kukuita."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, ikiwa mara yake ya kwanza kufanya jambo polepole, na kwa kitambo hicho alifanana na yule mwingine hata Subilaga akageuza uso.

"Yukoje?"

"Anaimba. Anachelewa kila mahali. Akiulizwa swali anaweza kujibu kesho yake." Alisogeza ukuni. "Hajawahi kuniuliza kwa nini sikuzaa. Wengine wote wameuliza."

"Anakupenda."

"Ndiyo."

Mvua ilianza kwenye paa, taratibu, ikakazana.

"Nimewaza tugawane," alisema. "Wiki yake, wiki yangu, kama shamba la urithi. Hesabu inakubali. Lakini nikiamka wiki yangu naishi wapi, dada? Shule niliyofundisha iko chini ya udongo. Mke wangu nimemzika juzi. Mtoto wangu ni mtu mzima ana kazi yake. Nimebakiwa na nyumba ya mtu na mwili tunaoazimana. Nilikuja kwenye msiba. Nashukuru umenileta. Lakini msiba una mwisho."

"Una haki ya kuishi kama yeye. Sitaki uondoke kwa kunionea huruma."

"Ningekuwa nakuonea huruma ningeondoka siku ya kwanza. Nimechoka tu, dada. Nimechoka vizuri. Kesho nitawafuata nyuki."

Bupe alikuwa mlangoni, amesikia. "Nimekupata juzi, baba," alisema. "Juzi tu."

"Umenipata, ndiyo." Alimvuta akamkalisha karibu yake. "Sasa yuko mtu mwingine anayejua kuhusu ile tai. Tuko wawili. Hata nikilala, jambo hilo limeshathibitika, haliwezi kubatilika." Alimgeukia Subilaga. "Msinifute. Hilo ndilo ombi langu. Na siku Bupe akiolewa niamsheni, nimtoe mwenyewe."

"Mlango si wangu, mwalimu. Siku hiyo yeye ndiye atakayekuwa amesimama pale kwenye nyasi."

"Basi mfikishie. Mwambie namwomba, mwanamume kwa mwanamume."

Bupe hakukubali haraka. Walizungumza naye mpaka mvua ilipokatika, wakagombana kidogo, na mwalimu alimweleza mambo mengine mengi ya mama yake ambayo Subilaga hakukaa kuyasikiliza. Jioni alimuaga binti yake kwa kumshika uso kwa mikono miwili. Kisha akaenda kulala mapema, akiwa anapiga mluzi.

5

Subilaga alikaa tena kwenye kile kiti kando ya kitanda. Dirisha lilikuwa jeupe. Usoni mwa mumewe aliona kope zikitetemeka, akajua yuko kwenye nyasi. Aliona kidole chake kikigonga shuka, mara moja, kama mtu anayegonga chuma, na akaona kidole hicho kinasita hewani na kutulia. Koo lake likatoa mlio mdogo. Ulikuwa mlio wa kuvuma.

Alifumbua macho polepole.

"Subi."

Subilaga aliinama akaweka paji la uso kwenye bega lake, naye akamshika kichwa, akasubiri kama kawaida yake.

"Macho yananiuma," alisema baadaye. "Yamevimba. Na magotini nina michubuko. Nimelala muda gani?"

"Muda wa msiba mzima."

"Nilisikia sauti mbili. Siku ile ya kwanza. Nikasimama, sikutaka kuchagua. Niliona haya." Alijigusa kifuani. "Kuna mtu amelia kwa macho yangu. Amemlilia nani?"

"Mke wake. Tumpale."

Lugano alilala akitazama dari. Machozi yakaanza kumtoka, yakashuka hadi masikioni, na yeye mwenyewe akayashangaa. "Mimi simjui," alisema. "Lakini bado kuna kitu hapa ndani. Hakukimaliza. Amekiacha mwilini."

Subilaga alimweleza yote bila kupunguza: kuamka kwa mwalimu, kilima, chumba cha wageni, mazungumzo ya jikoni. Alipofika kwenye lile ombi alilisema kwa maneno yale yale aliyoagizwa. Hapo Bupe alikuwa mlangoni ameegemea fremu, hakuingia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kuhakikisha habari mbaya.

Lugano aliinuka akakaa. Alichelewa kujibu, kama alivyokuwa akichelewa siku zote, wakamsubiri.

"Nitampisha," alisema. "Siku hiyo nikisikia nyuki nitaziba masikio."

Bupe alicheka, akaficha uso.

"Na siku nyingine pia, ukimhitaji. Uniambie mapema tu, nifunike mizinga, kwa kuwa nimesikia anaiogopa." Alisogea akaacha nafasi kitandani, akaipigapiga kwa kiganja. "Njoo ukae, Bupe. Sikuwahi kukuuliza kuhusu mama yako. Nilidhani si mambo yangu. Sasa nimeamka na majonzi ya mtu nisiyemjua, na siwezi kuyabeba hivi hivi. Nisimulie. Alikuwaje?"

Bupe alikuja akakaa. Alimtazama Subilaga kwanza, naye Subilaga akavuta kiti karibu, kwa kuwa yeye pia alitaka kujua.

"Alikuwa mfupi," Bupe akaanza, "na alikuwa hapendi kuambiwa."